Mwaka Babu Alipobisha Hodi Nyumbani Kwake

Msibani huulizwi umekuja na nini, unaulizwa wewe ni wa nani. Nilipofika Handeni kwa maziko ya Mjomba Sefu, mwanamke aliyekuwa akipokea wageni upande wa akina mama alinishika mkono, akanikalisha mkekani, akaniuliza kwa upole, "Bibi, wewe ni wa nani kwa marehemu?" Nikajibu kwamba mimi ni mtoto wa Mwajuma wa Old Korogwe. Mkono wake ukalegea. Hakuniachia kwa ghadhabu, la. Wanawake wa Handeni wana adabu zao, na hata maji ya kunawa nililetewa wa kwanza, huko ambako maji ni mali. Lakini mkeka mzima ulinyamaza. Macho yangu siku hizi yana ukungu, na kwa mara ya kwanza niliushukuru ukungu huo, maana sikutaka kuona nani alikuwa akimtazama nani. Nilijua wanakumbuka nini. Nimeishi na jambo hilo tangu usichana wangu, na nikiwa peke yangu jikoni bado linanipandishia joto usoni, mimi kikongwe ninayepaswa kuwa nimemaliza mambo ya kuona haya.

Sitaanza na nasaba. Nasaba ndiyo iliyotuletea balaa, na ukimwacha Mzigua aanze kuhesabu ukoo chai itapoa. Inatosha kujua kwamba zamani zile za Mwingereza, wakati mashamba ya mkonge yamejaa manamba na treni ya Tanga ikipita Korogwe na marobota yake, mimi nilikuwa msichana niliyekwisha kuvunja ungo, nikiishi na mama na wadogo zangu wa kiume katika nyumba ya babu yangu mzaa mama, Mzee Mhando. Baba yangu alikwishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa mtoto pekee wa Babu. Na kwa Wazigua wa siku zile mali ya mwanamume haikuteremka kwa watoto wake. Ilikwenda pembeni, kwa watoto wa dada yake. Dada yake Babu alizaa mtoto mmoja wa kiume, naye ndiye huyu Sefu, aliyekaa Handeni akichunga ng'ombe wa mjomba wake tangu alipoweza kushika fimbo. Kwa hiyo kila aliyetujua alijua: siku Babu akifumba macho ng'ombe ni wa Sefu, shamba ni la Sefu, na nyumba ya Old Korogwe tunayolala ni ya Sefu pia. Mama angebaki mle kwa hisani tu, na sisi watoto wake kwa hisani ya hisani.

Nyumba yenyewe haikuwa kasri. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zimepigwa chokaa, lakini paa lilikuwa la bati wakati majirani wengi bado wanaezeka nyasi, na Babu hakukosa kulitaja bati hilo kila mvua ilipoanza. Ukumbi ulipita katikati kutoka mlango wa barabarani mpaka uani, vyumba vikitazamana huku na huku. Vile vya mbele Babu aliwapangisha wachuuzi wa sokoni, na manamba waliomaliza mkataba wakaona haya kurudi kwao mikono mitupu. Mto haukuwa mbali. Masika harufu ya tope lake ilipanda mpaka vitandani. Babu alikula chini pale ukumbini, amekunja mguu mmoja, ugali wa muhogo kwa kambale na mlenda, na Sefu alipokuwapo walikula sahani moja. Sefu hakuwa na hodi. Alishuka kwenye lori la Handeni ana vumbi mpaka kwenye kope, akausukuma mlango kwa goti kwa sababu mikono imebeba kibuyu cha asali, akapita moja kwa moja hadi uani akipiga kelele, "Dada, nina njaa, usinisalimie kwanza!" Mama alicheka kila mara, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyasikia. Nataka ijulikane kwamba tulimpenda. Kisa hiki kingekuwa chepesi kusimulia kama tungemchukia.

Mwanzo wa vuli Babu aliwaita watu wawili ukumbini baada ya sala ya adhuhuri: Mwalimu Abdala, aliyesomesha watoto Kurani nyuma ya soko, na Mzee Hamza, fundi cherehani aliyekaa mkabala na sisi, ng'ambo ya barabara. Mama aliitwa naye akakaa nao, jambo ambalo lilinishangaza, maana mazungumzo ya wazee hayakuwa na kawaida ya kuketisha wanawake. Mimi nilipeleka kahawa. Nilipokuwa nikivuka kizingiti nilimsikia Mwalimu Abdala akisema, taratibu kama anayempa mtoto aya ya kukariri, "Ukitoa, utoke." Wakaniona wakanyamaza. Nilidhani wanazungumza habari za zaka. Kesho yake asubuhi Babu alitoka chumbani kwake na jamvi limekunjwa kwapani, msahafu, birika lake la kutawadhia na bakora, akavuka barabara, akaingia kwa Mzee Hamza, katika kichumba cha nyuma kilichokuwa na vipande vya vitambaa na harufu ya mafuta ya cherehani. Funguo zote alimwachia Mama. Nilipomkimbilia kumuuliza kulikoni, akanitania kama mababu wanavyowatania wajukuu wa kike: "Mke wangu, nimekuchoka. Nimehamia kwa Hamza, kule kuna upepo." Kule hakukuwa na upepo. Dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa na gunia.

Tangu siku ile Babu akawa mgeni. Alikaa barazani kwa Mzee Hamza, akiitazama nyumba yake mwenyewe kutwa nzima kama mtu anayetazama ya mwenzake, na alipotaka kuja kwetu alivuka barabara, akasimama nje ya kizingiti, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza samaki, "Hodi! Hodi hapa!" Mama alitoka alikokuwa, akapangusa mikono, akajibu, "Karibu." Hapo ndipo aliingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, pahali pa wageni, kiti chake cha zamani hakukigusa. Akila alishukuru. Akiondoka aliaga. Wapangaji kodi walimpelekea Mama. Mwanzoni watu walicheka wakidhani ni utani wa uzeeni. Kisha wakaacha kucheka. Walianza kupunguza mwendo wanapopita mbele ya nyumba yetu, nami nikaanza kufagia uwanja mapema kabla watu hawajawa wengi barabarani.

Siku iliyoniumiza kuliko zote ilikuwa ya mvua. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Babu alivuka, akapiga hodi, nami nikajibu karibu. Hakuingia. Nikatoka nikamkuta amesimama chini ya mchirizi wa bati, lile bati lake, maji yakimwagika kwenye kofia na kuteremka mgongoni. "Babu, ingia, unalowa." Akauliza, "Mwenye nyumba yupo?" Nikamwambia, "Babu, mwenye nyumba si wewe?" Akakaza uso, akanena kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, "Mke wangu, nimeuliza, mwenye nyumba yupo au hayupo? Wewe ni mtoto wa nyumba." Nikamvuta mkono, akaushikilia mwimo wa mlango kwa nje. Ng'ambo, barazani kwake, jirani yetu Bi Mwantumu aliacha kugeuza vitumbua vyake akasimama na kijiti mkononi, na wateja wake wakasimama naye. Babu alilowa mpaka Mama aliporudi na kapu kichwani, akamwona, akasita kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile ya siku zote, "Karibu." Hakukimbia, hakupiga yowe, hakuomba radhi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama mama yangu, mama niliyemjua, aliyekuwa akinisomea Alhamdu nikiwa na homa, nikajiambia kwamba ama yeye ameota moyo wa jiwe, ama mimi sikuwahi kumjua. Jioni ile vitumbua vya Bi Mwantumu viliuzwa pamoja na habari: mzee wa watu ananyeshewa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na binti anamwambia karibu kama anamwambia muuza mkaa.

Wakati huohuo nilikuwa na posa. Kijana alitoka Dindira, juu milimani, Msambaa, mwana wa mwenye lori lililoshusha ndizi na maboga sokoni kwetu. Jina lake nitamsitiria, ni babu wa watu sasa. Alikuwa na kicheko cha polepole, kilichoanza watu wengine wanapokuwa wamekwisha kucheka, na mimi nilikuwa nimekwisha kujizoeza baridi ya Dindira kichwani mwangu, na kujiuliza watu wa kule hulala na mablanketi mangapi. Washenga walikuja, Mama akapika wali wa nazi na kuku, akatandika mkeka mpya ukumbini. Wamekula nusu, wametulia, mazungumzo yanakwenda vizuri, mara mlangoni: "Hodi! Hodi hapa!" Mama akajibu karibu. Babu akaingia, akawasalimu, akaketi kwenye kigoda chake. Mshenga mkubwa, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima nguo, akauliza huyu ni mzee wa jirani? Babu mwenyewe akasema, "Mimi ni babu yake huyu binti. Naishi pale kwa fundi." Nikiwa nyuma ya pazia na sinia ya matunda niliona kidole cha yule mwanamke kikisita juu ya wali. Siku chache baadaye ujumbe ulikuja kwamba wameona tusubiri kwanza. Kisimani nikayasikia maneno yenyewe hasa, maana maneno ya namna hiyo hayapotei njia: "Mwana hutazama kisogo cha nina. Aliyemtoa baba yake nje, mkwe atamfanyaje?"

Nililia uani juu ya kinu, nikamwambia Mama yote niliyokuwa nimeyaweka. Nikamwambia ninaona haya kuitwa mwanawe. Alikuwa akipepeta mahindi. Hakuuweka ungo chini. "Subiri, mwanangu," akasema. Nisubiri nini? Akarudia, "Subiri tu." Babu alipopata habari ya posa aliniita pale barazani kwa fundi, akanitazama kwa muda, na utani wote umemtoka. "Mke wangu," alisema, "nimekuharibia." Nikadhani anamtetea binti yake kwa kujibebesha lawama, nikazidi kumchukia Mama kwa niaba yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nilikuwa nimelala juu ya kitanda hichohicho na bado sikujua.

Sefu alikuja kiangazi kilipoanza, na asali yake. Aliusukuma mlango kwa goti kama kawaida, akapita hadi uani akidai chakula, kisha akauliza, "Mjomba yuko wapi?" Mama akamwonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. Sitasahau jinsi alivyotoka na kibuyu bado kiko mkononi. Alimkuta mjomba wake amelala kwenye jamvi kati ya vipande vya kaniki, akapiga magoti akambusu mikono, akalia kwa sauti, mwanamume mzima aliyezoea kulala porini na fisi. "Twende Handeni, Mjomba. Nitakujengea. Nitakubeba mgongoni kama lori halipo." Babu alitazama ukuta. Sefu akarudi kwetu, akasimama katikati ya ukumbi akamwambia Mama, wala hakumtukana, "Dada, hata kama baba amekuwa mzigo, ungeniletea mimi. Mimi sijachoka naye." Mama alibana midomo mpaka ikawa myeupe.

Sefu alipokwisha kuondoka, Mama alinipa sahani ya Babu niipeleke, kisha akaghairi, akaipeleka mwenyewe. Mimi nikamfuata kwa nyuma na maji ya kunawa aliyoyasahau. Nilikuwa nje ya kile kidirisha cha gunia nilipomsikia Mama analia. "Baba, tumwambie Sefu. Mimi siwezi tena. Umeona alivyonitazama?" Babu akasema, "Nimwambie nini, Mwajuma? Kwamba miaka yote aliyonichungia ng'ombe nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumpitia pembeni?" Akakohoa. "Ng'ombe ni zake, shamba ni lake, sitamgusia. Lakini ng'ombe ni mali yenye miguu, inaweza kufa, inaweza kuhama. Nyumba inakaa. Hii ni yako na ya watoto wako na ya watakaowazaa. Abdala amesema kutoa ni kukabidhi, na mimi nimekabidhi. Mtu akihama kwa wiki moja, ukoo utasema alikwenda kutembea. Akihamia kwingine vuli ikampita na masika yakampita, huyo amehama. Acha watu waone. Acha waseme. Nikiwaeleza sababu, wazee wa ukoo watakaa kikao kesho, watanishika na mila, nami nitashindwa kuwakatalia usoni. Najijua mwenyewe nilivyo." Mama akauliza, "Na Zuhura je? Posa yake?" Babu akakohoa tena. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi." Mimi nilirudi na maji yangu nikayamwaga uani. Aibu niliyokuwa nayo kwa ajili ya Mama ilihama pale pale, ila haikwenda mbali. Ilihamia kwa Sefu. Kila nilipoiona asali yake kwenye kabati nilikosa hamu nayo.

Babu alifariki masika yakiwa yanaelekea ukingoni, kwa kifua. Mama alitaka kumrudisha nyumbani afie kitandani kwake. Alikataa. Siku ile pumzi zikimkatika bado alisema, "Msinivushe." Kwa hiyo maiti ya Mzee Mhando, mwenye nyumba ya bati, ilioshwa na kuvikwa sanda katika kichumba cha fundi cherehani, na jeneza likatoka kwa mlango wa watu. Waombolezaji hawakujua wakae wapi. Waume walikaa kwa Hamza, wake wakaja kwetu nusunusu, wengine wakabaki katikati ya barabara chini ya miavuli. Bi Mwantumu aliomboleza akitazama mlango wetu: "Mzee wangu, umekufa ugenini nawe una kwako!" Wanawake walimwitikia. Mama alikuwa ukumbini, amejifunika kanga mpaka usoni, nami nilikaa ubavuni mwake nikijua kila kitu na nikiwa nimefungwa mdomo. Kuvumilia tusi unalostahili ni kazi. Kuvumilia lile usilostahili, tena kwa makusudi, ni kazi nyingine, na mama yangu aliifanya akiwa amekaa wima.

Matanga yalipokwisha Sefu alikuja na wazee wa ukoo kutoka Handeni. Safari ile nayo alisukuma mlango, lakini kwa mkono. Alisema kwa heshima kwamba ng'ombe ameshawachukua na sasa anataka nyumba ya mjomba wake. Na kwamba kwa jinsi Dada alivyomtenda marehemu hana moyo wa kukaa naye chini ya paa moja. Mama akamwambia, "Nyumba hii si ya baba." Wakapelekana kwenye baraza la zumbe, chifu wetu, ambako mashauri ya wenyeji yalikatwa siku zile. Baraza lilifurika, hata wachuuzi walifunga meza zao. Sefu alikuwa na shahidi wake aliyejitolea mwenyewe, Bi Mwantumu, amejifunga kibwebwe kabisa. Akaeleza yote, na alieleza vizuri, maana alikuwa ameyarudia mara nyingi: jinsi mzee alivyotoka na jamvi kwapani, jinsi alivyonyeshewa, jinsi alivyokalishwa kigodani mbele ya washenga. "Alimgeuza baba yake mgeni! Mzee alikuwa anapiga hodi kwenye nyumba yake!" Zumbe alikuwa mtu mkimya mwenye tabia ya kukuna sikio. Akaliacha sikio. "Alipiga hodi kwa nani?" "Kwa huyu Mwajuma." "Akajibiwa nini?" "Akajibiwa karibu." "Na kodi ya wapangaji?" "Ilikwenda kwa huyohuyo." "Tangu lini?" "Tangu vuli ile mpaka anakufa, sote tuliona. Mtaa mzima uliona." Zumbe akawageukia watu: mpo mlioona? Wakajibu kwa kishindo kwamba wameona, wakidhani wanamzika Mama. Zumbe akamtazama Bi Mwantumu kwa upole akamuuliza, "Mama, katika maisha yako umewahi kumwona mtu anabisha hodi kwake?"

Kimya kilichoingia pale nimekisikia tena Handeni juzi. Ndipo Mwalimu Abdala akainuka, na Hamza nyuma yake, wakaeleza siku ya kahawa: kwamba marehemu alimpa binti yake nyumba angali hai na akili zake timamu, kwamba alitoka kwa hiari yake, na kwamba aliwakataza wasiseme mpaka waulizwe barazani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu haikuwa na daftari wala hati. Mashahidi wake walikuwa watu wote waliomsengenya mama yangu. Bi Mwantumu alikaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso. Baada ya hapo alituletea vitumbua kila Ijumaa mpaka Mungu alipomchukua, na Mama alivipokea kila Ijumaa, wala hakuwahi kumwambia neno la kumkomoa. Kule Dindira nako habari zilifika, wakamtuma mtu kutazama hali ya hewa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona jinsi watu wale walivyo wepesi wa kuondoa kidole kwenye wali. Niliolewa baadaye, na mtu mwingine, na sijutii.

Tungetoka pale barazani tukitamba, kama ni ushindi tu. Watu walimpongeza Mama, wakamwita shujaa. Lakini Sefu alikuwa amesimama kando ya lori la Handeni, wazee wa ukoo wamekwisha kupanda, naye hajapanda. Mama akamwendea. Nami nilikuwa pale, nimelishika pindo la kanga yake kama mtoto mdogo. Sefu hakuwa na hasira hata kidogo, angekuwa nayo ingekuwa nafuu. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mahali alipokuwa akila miaka yote walikuwa wakimhesabia matonge. "Dada," alisema, "mngeniambia tu." "Mngeniambia," akarudia. "Yule alikuwa mjomba wangu. Angesema mwanangu, nyumba nampa Mwajuma, mimi ningemkatalia?" Akapanda lori. Mama hakuwahi kupata jibu la swali lile, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akiliuliza peke yake, nyakati nyingine akiwa anapepeta mahindi: angekataa? Hatutajua, kwa sababu hatukumpa nafasi. Babu alijilinda na ukoo, akailinda nyumba na ukoo, lakini katika ukoo mzima aliyefungiwa mlango hasa ni yule mmoja aliyekuwa tayari kumbeba mgongoni. Na miaka ya ukame iliyofuata ng'ombe walikufa, kama Babu alivyotabiri. Sefu akabaki na shamba kavu. Nyumba ikakaa. Nimezaa ndani yake, nimeozesha ndani yake, wajukuu wangu wanajifunzia kuandika kwenye sakafu yake, na sijawahi kulala usiku wa mvua nikalisikia lile bati bila kuona haya.

Mama na wadogo zangu wametangulia, na sasa zamu ya kugawa imenifikia mimi. Mwaka huu niliwaita wanangu wote na wajukuu waliokwisha kupata akili, nikawaketisha ukumbini, nikasema wazi mbele ya majirani nani atapata nini, na kwamba nyumba isiuzwe. Kisha nikasema chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, nakitoa kwa kizazi cha Sefu, wao na watoto wao, kiwe chao kama vilivyo vingine. Nilipanga kwenda Handeni kumwambia Sefu mwenyewe. Nilingoja mvua ipungue, nikangoja goti lipone, nikangoja na vingine nisivyovikumbuka. Kilichonifikia ni habari ya msiba.

Basi siku ya tatu, wageni walipopungua, nilimwomba Bakari, mwana mkubwa wa Sefu, tukae pembeni. Ana mikono ya baba yake. Nikamweleza yote, ya Babu na ya barazani na ya chumba, na machozi yalinitoka nikiwa nazungumza. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanimiminia chai. "Dada Zuhura, ahsante," alisema. "Baba hakutufundisha kuwachukia. Alikuwa akitusimulia ile nyumba, ukumbi, jinsi alivyokuwa akiingia akidai chakula. Lakini kila tulipokwenda Korogwe kuuza mahindi tulilala stendi. Tulimwambia, Baba, si tukalale kwa dada? Akatuambia, nyumba ile sikuwahi kuipigia hodi, na sitaki kujifunza uzeeni." Nikaiweka chai chini. Nikamwambia basi, watoto wake wasipige hodi, waambie waingie tu, wasukume mlango, chumba ni chao. Bakari aliwatazama wanawe waliokuwa wakikunja mikeka ya wageni, wakiipanga taratibu ukutani. "Nitawaambia, Dada," alisema. "Lakini watabisha hodi. Ndivyo walivyolelewa."